Siku 28 Gizani

Kila pipa la kemikali linaloshushwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam linapaswa kuandamana na karatasi ya usalama yenye sehemu 16. Sehemu za mwanzo husomwa, kwa kuwa zinaeleza hatari ya moto, glavu za kuvaa na la kufanya dawa ikimrukia mtu machoni. Sehemu ya 12 ni ya mazingira, na wasomaji wengi huwa wameshachoka kabla ya kuifikia. Anayefika huko mara nyingi hukuta maneno machache tu: bidhaa hii huoza kwa urahisi. Mwenye kiwanda huyapenda sana maneno hayo. Huyahamishia kwenye lebo, akayachapa kwa rangi ya kijani karibu na picha ya jani.

Nyuma ya maneno hayo kuna jaribio halisi, lenye kanuni na historia yake, na si jaribio la kubahatisha. Ila swali linalojibu ni dogo kuliko lile ambalo msomaji wa lebo anadhani limejibiwa. Kuhusu chupa ya maabara, jibu lake ni la kuaminika. Kuhusu Mto Msimbazi wa Dar es Salaam, mabwawa ya majitaka ya Ruai jijini Nairobi au shimo la choo cha nyumba ya kupanga, linasema kidogo sana, na wakati mwingine hupotosha.

Mwongozo unaotumiwa karibu dunia nzima ni namba 301 wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, uliotolewa mwaka 1981 na kurekebishwa mwaka 1992. Una njia sita, zilizopewa herufi A hadi F. Iliyo nyepesi kueleweka ni D, ya chupa zilizofungwa. Mtaalamu wa maabara huandaa maji yenye chumvichumvi ambazo bakteria hawawezi kuishi bila hizo: fosfeti, kalisi, magnesi, chuma na amonia. Sukari hatii, wala chakula kingine chochote. Huyashibisha maji hayo hewa, akatia kemikali inayopimwa kwa kiasi cha miligramu 2 hadi 5 kwa lita, kisha akaongeza maji yaliyotoka kwenye mtambo wa kusafisha majitaka ya mji. Anaongeza kidogo kweli: kuanzia tone moja hadi mililita 5 kwa lita. Bakteria waliomo humo ndio watakaoamua kesi. Chupa hufungwa pasibaki hata kiputo, ikawekwa gizani ili mwani usije ukatengeneza oksijeni yake, kwenye nyuzijoto 20 hadi 24. Hapo siku 28 zinaanza kuhesabiwa.

Mantiki yake ni rahisi. Chakula pekee kilichomo ndani ya chupa ni ile kemikali. Bakteria wakiila watapumua, na wakipumua oksijeni itapungua. Mkemia, kwa kutazama fomula tu, anajua ni oksijeni kiasi gani ingehitajika kuiteketeza kemikali yote hadi yabaki maji na kabonidayoksaidi. Gramu moja ya sodiamu benzoeti, kihifadhi kilekile kinachotajwa kwenye chupa za soda, huhitaji gramu 1.67. Oksijeni iliyotumika ikifika asilimia 60 ya hesabu hiyo, kemikali imefaulu. Asilimia 40 inayobaki haijasamehewa bure: bakteria hawachomi chakula chote, sehemu ya kaboni huigeuza kuwa miili yao. Njia zinazopima kaboni iliyoyeyuka majini badala ya pumzi hudai asilimia 70.

Sharti jingine ndilo lenye makali. Tangu uozaji unapofika asilimia 10, kemikali hupewa siku 10 tu kufikia alama ya kufaulu. Inayojikokota hadi ikafika 60 siku ya 27, baada ya kuanza siku ya tatu, huhesabiwa kuwa imeanguka. Pembeni huwekwa chupa za ulinzi. Mojawapo haina kemikali, ili ijulikane bakteria wanapumua kiasi gani wakiwa na njaa. Nyingine ina kemikali inayojulikana kuoza, kama hiyo benzoeti, na isipofaulu ndani ya siku 14 jaribio lote hutupwa, maana bakteria wa safari hiyo ni dhaifu. Ya tatu ina vyote viwili, ili kuikamata kemikali ambayo haikuoza kwa sababu iliwaua waamuzi wenyewe.

Inafaa kuona jinsi mizani hii ilivyo nyembamba. Maji ya nyuzijoto 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Miligramu 2 za benzoeti zinahitaji oksijeni miligramu 3.3, na kufaulu ni kutumia 2. Kwa hiyo hatima ya kemikali inayozalishwa kwa maelfu ya tani inaweza kutegemea tofauti ya miligramu 2 za oksijeni kwa lita ndani ya chupa ya robo lita.

Mzazi wa majaribio haya yote ni povu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, sabuni za unga za Ulaya na Marekani ziliacha mafuta ya wanyama na mimea zikahamia kwenye kiungo kilichotengenezwa kwa mafuta ya petroli, kinachojulikana kwa kifupi kama ABS. Kilikuwa rahisi kwa bei, na kilitakatisha nguo hata kwenye maji magumu ambamo sabuni ya mche hugoma kutoa povu. Kasoro yake ilijitokeza huko maji yanakoelekea. Kiangazi cha mwaka 1959 kilikuwa cha ukame Ujerumani. Mito ilipopungua, povu lilipanda kama theluji kwenye malango ya maji ya Neckar na Main, upepo ukalisukuma hadi barabarani. Uingereza ilikuwa tayari imeunda kamati ya kudumu ya kitaalamu kuhusu sabuni hizo mwaka 1957, baada ya mitambo yake ya majitaka kufunikwa na povu. Huko Long Island, New York, ambako nyumba nyingi zilikuwa na kisima upande mmoja na shimo la majitaka upande wa pili, maji ya bomba yalitoka na povu kwenye glasi.

Kasoro yenyewe ilikuwa kwenye umbo la molekuli. Bakteria hula mnyororo wa kaboni kuanzia ncha yake, wakikata kaboni mbilimbili. Mnyororo wa ABS ulijaa matawi, na penye tawi kimeng'enya hakipati pa kushika. Wakemia waliunyoosha mnyororo huo, wakaacha sehemu nyingine ya molekuli karibu kama ilivyokuwa, wakapata kiungo kinachoitwa LAS. Kilisafisha vizuri vilevile na bakteria walikila. Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria Septemba 1961, na kuanzia Oktoba 1964 sabuni ambayo kiungo chake hakikuoza kwa asilimia 80 haikuruhusiwa sokoni. Viwanda vya Marekani vilibadilisha vyenyewe kufikia mwaka 1965. Povu lilishuka, na ushindi huo bado unastahili kusifiwa: sheria iliyoandikwa kwa ukurasa mmoja wa kemia ilisafisha mito kwa miaka michache.

Lakini tazama kilichokuwa kinapimwa. Maabara zilitumia rangi ya methilini bluu, ambayo hushikamana na kiungo cha povu kisha vyote viwili vikahamia kwenye klorofomu. Klorofomu ikiwa ya bluu iliyokolea, kiungo kipo kwa wingi. Bluu ikififia, kimepungua. Sasa bakteria wakiinyofoa ncha tu ya mnyororo, rangi haishiki tena na povu halitoki tena, na kipimo kinaandika kwamba kemikali imekwisha. Vipande vilivyobaki havikupimwa na mtu. Jumuiya ya Ulaya ilipandisha alama hadi asilimia 90 mwaka 1973, kwa kipimo cha jamii hiyohiyo. Ilibidi kusubiri kanuni namba 648 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Oktoba 2005, ndipo viungo vya sabuni vikadaiwa kuoza hadi mwisho, yaani hadi kabonidayoksaidi na maji, asilimia 60 ndani ya siku 28. Zaidi ya miaka 40 ilipita kati ya sheria ya kwanza na swali kamili.

Gharama ya kuchelewa huko ina jina. Viwanda vya nguo, ngozi na karatasi vilipenda kundi la viungo vinavyoitwa nonilifenoli ethoksileti. Kwa kipimo cha kutoweka, vilifaulu: bakteria waliukata mkia wao mrefu bila shida. Kilichobaki baada ya mkia kukatwa kilikuwa nonilifenoli, ambayo ni sumu kali zaidi kwa samaki kuliko kemikali ya mwanzo, haipendi maji na hujificha kwenye tope. Mwaka 1984 Walter Giger na wenzake wa Uswisi walionyesha kwamba tope la mitambo ya majitaka lilikuwa na kiasi kikubwa cha nonilifenoli, na kwamba mitambo yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiitengeneza. Miaka saba baadaye, Ana Soto na Carlos Sonnenschein wa Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, waliona chembe za saratani ya matiti zikizaliana maabara bila ya kupewa homoni. Walipofuatilia, chanzo kilikuwa nonilifenoli iliyovuja kutoka kwenye mirija ya plastiki. Ilikuwa ikijifanya estrojeni. Ulaya iliibana mwaka 2003. Kwa miaka mingi kabla ya hapo ilikuwa imesafiri na cheti cha kuoza.

Wajapani walifika kwenye swali la kinachobaki kwa njia yenye uchungu zaidi. Mwaka 1968, magharibi mwa nchi yao, watu walianza kuota vipele vyeusi, kucha zikabadilika rangi, watoto wakazaliwa na ngozi iliyopiga weusi. Wote walikuwa wametumia mafuta ya pumba za mchele ya Kanemi. Kwenye kiwanda, mafuta hayo yalipashwa moto na mabomba yaliyokuwa na kemikali ya viwandani iitwayo PCB ndani yake, na mabomba yakavuja. PCB haiozi, na hujilimbikiza mwilini. Kutokana na mkasa huo ilizaliwa sheria ya mwaka 1973 iliyotaka kemikali mpya ichunguzwe kabla haijatengenezwa au kuingizwa nchini. Jaribio lililobuniwa kwa ajili ya sheria hiyo leo ni herufi C katika mwongozo wa OECD. Waandaaji wake hawakuridhika na bakteria wa mtambo mmoja. Hukusanya tope na maji kutoka sehemu 10 nchini: mitambo ya majitaka, viwanda, mito, maziwa, ghuba za bahari. Huvichanganya na kuvilisha pamoja kabla ya kipimo. Mwishoni hawasomi oksijeni peke yake. Huitafuta kemikali yenyewe ndani ya chupa, na pia mabaki yake. Kwa mwandishi huyu, hiyo ndiyo herufi yenye adabu kuliko zote sita, maana inauliza kilichobaki.

Maana kupotea kwenye maji si lazima kuwe kuoza. Kemikali inayopaa hewani kama petroli itatoroka kwenye chupa iliyo wazi, na kipimo cha kaboni kitaipa pongezi. Inayopenda mafuta itang'ang'ania kwenye kioo au kwenye tope, na maji yatasomeka safi. Yenye naitrojeni inaweza kuwapa bakteria wa aina nyingine amonia ya kula, nao wakatumia oksijeni ambayo itaandikwa kwa jina la kemikali. Mtaalamu makini anazijua hila hizi na huchagua herufi inayofaa. Lakini kwenye karatasi ya usalama herufi mara nyingi haiandikwi, na bila herufi, asilimia inayotajwa ni kama bei isiyotaja sarafu.

Kuna kosa la upande wa pili pia, la kudhani kwamba iliyoanguka haiozi. Jaribio hili limewekwa liwe gumu makusudi: bakteria wachache, muda mfupi, hakuna ruhusa ya kuwazoesha kemikali kabla. Paranitrofenoli, inayotumika kutengenezea rangi na dawa, imefaulu kwenye maabara moja na kuanguka kwenye nyingine kwa mwongozo uleule. Bakteria wanaoijua ni wachache, na wakati mwingine tone lililochotwa halikumbeba hata mmoja wao. Ukiongeza tope, bahati hiyo inapungua. Ndiyo maana pana mwongozo mwingine, namba 302, ambao huwapa bakteria kila nafasi: katika njia ya Zahn na Wellens tope hufika hadi gramu moja kwa lita, maelfu ya mara zaidi ya tone la chupa iliyofungwa. Kufaulu huko kunamaanisha kwamba kemikali inaweza kuoza mahali fulani, kwa masharti fulani. Kuanguka hata huko ni dalili mbaya kweli.

Tena bakteria wenyewe hawakai walivyo. Asesalfemu, utamu bandia unaotiwa kwenye soda zisizo na sukari, iligunduliwa na Karl Clauss wa kampuni ya Hoechst mwaka 1967. Hupita mwilini bila kubadilika na kwa miaka mingi ilipita kwenye mitambo ya majitaka vilevile, kiasi kwamba watafiti wa Uswisi waliipendekeza mwishoni mwa miaka ya 2000 kama alama ya kutambua maji ya kisima yaliyoingiliwa na majitaka. Haukupita muda, mitambo ya Ujerumani ikaanza kuiondoa kwa kiasi kikubwa. Bakteria walikuwa wamepata vimeng'enya vya kuila. Cheti cha zamani kilichosema haiozi kilikuwa cha kweli siku kilipoandikwa.

Lakini kusubiri bakteria wajifunze kuna mpaka wake. Kwa PFOS, ile kemikali ya povu la kuzimia moto na ya nguo zisizoshika maji, hakuna jaribio lililowahi kuonyesha uozaji wa maana, maana kaboni yake imefunikwa kila upande na florini. Mkataba wa Stockholm uliiingiza kwenye orodha yake mwaka 2009.

Je, matokeo ya chupa yanageuzwaje kuwa habari ya mto? Jibu la kweli ni kwamba hayageuzwi, hupangiwa. Ulaya, ambako kanuni za REACH hudai kipimo hiki kwa kemikali yoyote ya kaboni inayozalishwa au kuingizwa kuanzia tani moja kwa mwaka, miongozo ya kutathmini hatari ilipanga hivi: iliyofaulu ihesabiwe kwamba nusu yake hutoweka mtoni kila siku 15, iliyofika asilimia lakini ikashindwa lile sharti la siku 10, siku 50, iliyofaulu kwenye jaribio lenye tope jingi tu, siku 150. Ni makadirio ya busara yaliyoafikiwa mezani. Yamewekwa kwa maji ya nyuzijoto 12, ambao ndio wastani wanaoutumia kwa mito na maziwa ya Ulaya. Ukitaka kipimo cha mto wenyewe, upo mwongozo namba 309 unaotumia maji halisi ya mtoni na kemikali kidogo sana, lakini gharama yake ni kubwa na hauagizwi ila pale panapokuwa na shaka.

Afrika Mashariki, dhana zote hizi zinafika bila maelezo. Joto la maji ya Ziwa Victoria liko karibu na nyuzi 25, na Bahari ya Hindi pwani ya Tanzania huzidi hapo. Bakteria wa maji ya joto hufanya kazi haraka zaidi, jambo ambalo ni heri. Ila maji ya joto hubeba oksijeni kidogo zaidi: miligramu 10.8 kwa lita kwenye nyuzijoto 12, na 7.8 tu kwenye 28, na pungufu zaidi kwenye miinuko kama ya Nairobi. Kazi inaenda mbio huku akiba ikiwa ndogo. Kiboko wa Mto Mara ni shahidi mzuri wa jambo hilo. Utafiti wa Christopher Dutton na wenzake uliochapishwa mwaka 2018 ulitaja kwamba viboko zaidi ya 4,000 wa upande wa Kenya hutia kwenye maji karibu kilo 8,500 za majani yaliyosagika kila siku. Madimbwi yao hukosa oksijeni, na mvua ikiyazoa ghafla, samaki wa upande wa chini wa mto hufa kwa wingi. Hakuna kemikali ya kiwanda hapo. Kinyesi cha kiboko huoza, na samaki wamekufa kwa sababu hiyohiyo.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya kila siku uko Kariakoo na kwenye maduka ya kemikali ya mitaa ya Nairobi. Watengenezaji wadogo wa sabuni ya maji hununua hapo, kwa lita au kwa dumu, kitu kizito cha rangi ya kahawia wanachokiita salfoniki, wakakituliza kwa magadi soda, wakachanganya na slesi, ambayo Kenya huitwa Ungerol, kisha chumvi, rangi na manukato. Salfoniki hiyo ikiwa ya mnyororo ulionyooka, ndiyo LAS yenyewe, mtoto wa vita vya povu vya miaka ya 1960. Karatasi yake ya usalama inasema huoza kwa urahisi, na mahali penye oksijeni ni kweli kabisa. Kwenye mtambo unaopulizwa hewa, sehemu kubwa mno ya LAS huisha ndani ya saa au siku chache.

Sharti ni hewa. Pasipo oksijeni, LAS karibu haiozi, maana hatua ya kwanza ya kuukata mnyororo wake huihitaji oksijeni yenyewe. Ulaya waliliona hilo kwenye matangi ya kuozeshea tope, ambamo LAS ilikutwa kwa gramu kadhaa kwa kila kilo ya tope kavu. Denmark iliweka kikomo cha miligramu 1,300 kwa kilo kwa tope linalopelekwa mashambani kuanzia mwaka 2000. Watetezi wa LAS walijibu, na kwa haki, kwamba tope likishatandazwa shambani na kupata hewa, LAS huisha kwa siku au wiki. Ubishi haukuisha, lakini chapa ya mazingira ya Umoja wa Ulaya ilichukua msimamo: iliweka masharti ya kuoza bila hewa kwa viungo vya sabuni ya kufulia inayotaka chapa hiyo. LAS ya kawaida inabaki nje.

Sasa maji ya kufulia ya Tandale au Kibera huenda wapi? Mengi huishia kwenye shimo, tangi la majitaka la nyumbani au mfereji uliotuama, na huko chini hakuna hewa. Yanayobahatika kufika kwenye mabwawa, kama ya Vingunguti kando ya Msimbazi au yale ya Ruai yanayopokea majitaka ya Nairobi, hukuta mambo mawili tofauti. Tabaka la juu la bwawa pana lina mwani unaotoa oksijeni mchana, na humo LAS huoza vizuri. Mashapo ya chini, na mabwawa ya kina kirefu yaliyowekwa mwanzo wa mfululizo makusudi yafanye kazi bila hewa, ni makao ya kile kisichooza. LAS hupenda kushikamana na chembe zinazozama, kwa hiyo sehemu yake huteremka huko. Ndiyo hali ileile ya visima na mashimo ya Long Island, isipokuwa hapa lebo ina jani.

OECD ina mwongozo wa kupima uozaji bila hewa, namba 311, wa mwaka 2006. Hutumia tope la tangi la kuozeshea, na hupima gesi inayozalishwa. Ni nadra kuikuta namba hiyo kwenye karatasi ya usalama inayofika madukani, kwa sababu sheria za nchi nyingi zinazotengeneza kemikali haziidai. Wao wana mitambo ya kupuliza hewa. Anayepaswa kuidai ni yule ambaye hana.

Na kwa baharini, siku 28 za maji ya mji hazitoshi kabisa. Bakteria wa bahari ni wengine na chakula chao ni haba. Mwongozo wao ni namba 306. Kwenye Bahari ya Kaskazini, kemikali ya kuchimbia mafuta na gesi ambayo haijafika asilimia 20 kwa siku 28 huwekwa kwenye foleni ya kutafutiwa mbadala. Kwa nchi yenye gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, hilo ni swali la kuulizwa kabla ya kisima kuchimbwa.

Kinachopimwa sana huku kwetu ni BOD, yaani oksijeni inayotumiwa na bakteria kwa siku tano. Kipimo hicho kilipata nguvu mwaka 1912, katika ripoti ya nane ya Tume ya Kifalme ya Uingereza kuhusu majitaka, iliyopendekeza kikomo cha miligramu 20 kwa lita. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 na za Tanzania za mwaka 2007 ziliweka 30 kwa majitaka yanayoachiwa kwenye mazingira. BOD inafaa kwa kinyesi, damu ya machinjio na mabaki ya kiwanda cha bia. Kwa kemikali sugu, hugeuka kuwa mtetezi wake: kisicholiwa na bakteria hakitumii oksijeni, na kisichotumia oksijeni hakionekani. Kiwanda kinachomwaga rangi isiyooza kinaweza kuonyesha BOD nzuri kuliko kiwanda cha maziwa.

Hata hivyo, vifaa hivyohivyo vya kawaida vinaweza kuulizwa zaidi. Maabara inayopima BOD aghalabu hupima pia COD, oksijeni inayohitajika kuunguza karibu kila kitu kwa asidi na daikromati. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali, ule wenye alama ya mti mkavu na samaki aliyekufa, unakubali kwamba pasipokuwa na data nyingine, kemikali ambayo BOD yake ni angalau nusu ya COD ihesabiwe kuwa inaoza haraka. Uwiano ukiwa moja ya kumi, hapo pana la kuuliza. Chupa za BOD, kipima oksijeni na kabati la joto vimo tayari kwenye maabara za mamlaka za maji na vyuo vikuu. Kuziacha chupa hizo siku 28 badala ya tano, kwa bakteria wa bwawa la Vingunguti badala ya wa mtambo wa Ulaya, kwenye nyuzijoto 27 badala ya 22, hakuhitaji mashine mpya. Matokeo yake hayatakuwa cheti cha OECD, kwa kuwa joto limebadilishwa, lakini yangekuwa habari ya maji ambamo kemikali itaishia kweli.

Tanzania ina sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali husajili wanaoziingiza. Fomu za usajili zingeweza kudai mambo matatu ambayo mwuzaji wa nje anayo tayari au anajua pa kuyapata: herufi ya njia iliyotumika, kama sharti la siku 10 lilitimizwa, na matokeo ya jaribio lisilo na hewa kwa chochote kitakachoishia chooni au mferejini. Kemikali za jamii ya PFOS zingebaki nje ya yote haya, maana asilimia yao ni sifuri kwenye kila herufi. Hizo hutafutwa kwa mashine ya kupima uzito wa molekuli, na bei ya mashine hiyo ni bajeti ya aina nyingine.